Kerezo la Sauti: Kutengeneza Mtambo wa Kukatia Santuri na Kutafuta Vipuri Vyake

Santuri ina mitambo miwili, na wengi wetu tunaujua mmoja tu. Tunaujua ule unaoipiga: gramafoni ya kutia ufunguo yenye pembe la bati, na baadaye redio-gramu iliyokaa sebuleni ikafunikwa kitambaa. Mtambo wa pili ni ule ulioikata. Huo ulikaa studio, na mtu aliyekua na santuri masikioni mwake aliweza kuishi umri wake wote bila ya kuuona. Lakini bila ya huo hakuna santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, sauti yake iliandikwa kwanza juu ya nta, kwa ncha kali iliyokuwa ikitikiswa na sauti yenyewe huku nta ikizunguka chini yake. Sahani nyeusi zilizoteremshwa Unguja zilikuwa nakala za mfuo ule mmoja.

Nauzungumzia mtambo huu sasa kwa sababu umeanza kutufikia. Studio za zamani zinafungwa, wahandisi waliostaafu wanahama nyumba, warithi wanafungua ghala wasijue kilichomo, na taasisi za turathi kama hii yetu zinaulizwa: mnautaka? Jawabu ya haraka huwa ndiyo, maana mtambo ni mzuri wa kutazama. Maswali ya baadaye ndiyo magumu. Utengenezwe ukate tena, au uwekwe kabatini? Na ukitengenezwa, vipuri, au spea kama mafundi wanavyosema, vitoke wapi ilhali makampuni yaliyouunda hayapo tena au yameiacha kazi hiyo zamani? Nimelishughulikia jambo hili miaka kadhaa pamoja na mafundi wanaonizidi sana kwa mikono, na rai yangu ni hii: mtambo wa kukatia hauuawi na chuma chake. Huuawa na vitu laini na vidogo, yaani mpira, laka, mafuta yaliyoganda na ncha ya yakuti. Hivyo ndivyo vya kuulizia kabla ya kuipokea zawadi.

Mtambo wenyewe

Waarabu waliiita sahani ya santuri ustuwana, neno ambalo maana yake ni silinda, kwa kuwa sauti za mwanzo zilihifadhiwa juu ya silinda za nta. Silinda zikatoweka, jina likabaki juu ya kitu bapa. Sisi tukachukua jina la ala ya nyuzi. Mtambo wa kukatia, tukiuita kwa kazi yake, ni kerezo. Fundi wa Lamu au Unguja aliyezoea kukereza miguu ya vitanda angeutambua mara moja: kitu kinachozunguka, chombo kikali kinachokigusa, na unyuzi mwembamba unaotoka pale chombo kinapopita. Tofauti ni kwamba hapa kinachozunguka kimelazwa, na patasi ni sindano.

Viungo vyake vikubwa ni vinne. Kuna meza nzito ya chuma inayobeba sahani. Uzito wake ndio unaotuliza mwendo. Kuna mota ya kuizungusha. Juu ya meza kuna parafujo ndefu, na parafujo hiyo ikizunguka hukisogeza kichwa cha kukatia polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, au kinyume chake. Na kuna kichwa chenyewe, chenye koili na sumaku, kinachoigeuza sauti ya umeme kuwa mtikisiko wa sindano.

Parafujo inastahiki neno moja zaidi. Ikiwa inatoa mifuo 112 kwa kila inchi, sahani ya inchi 10 yenye nafasi ya inchi mbili na nusu ya kuandikiwa hupata mizunguko 280. Kwa kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, hiyo ni dakika tatu na nusu hivi. Urefu wa nyimbo za santuri ulipimwa hapo. Mwimbaji wa taarab aliyezoea kuzirefusha beti mpaka usiku wa manane alibanwa na meno ya parafujo, na wimbo uliokataa kubanwa ulikatwa ukamaliziwa upande wa pili.

Mitambo ya zama za nta haikuwa hata na mota ya umeme. Meza ilizungushwa na uzito ulioning'inizwa ukashuka taratibu kama uzito wa saa ya ukutani, kwa sababu mota za siku hizo ziliyumba na uzito hauyumbi. Studio za Abbey Road za London, zilizofunguliwa mwaka 1931, zilikata kwa uzito namna hiyo, na umeme ulikuwa umekwisha kuingia katika kurekodi tangu mwaka 1925. Baadaye ikaja mitambo ya aina mbili ambayo ndiyo tunayoletewa leo. Aina ya kwanza ni mizito ya viwandani: Scully ya Marekani, na Neumann ya Berlin, ambayo modeli zake za VMS-70 na VMS-80 zilikata sehemu kubwa ya santuri za stirio tulizonunua ujanani. Aina ya pili ni midogo ya kukatia sahani ambayo inapigwa papo hapo bila ya kupita kiwandani. Katika hiyo, jina lililoenea zaidi ni Presto ya New York. Kwa Uingereza ni MSS ya Cecil Watts, aliyetengeneza sahani za alumini zilizopakwa laka katika miaka ya 1930, na BBC ikawa mteja wake.

Aina hii ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa historia. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, na ya Kiarabu ilikwisha kutangulia tarehe 3 Januari 1938. Katika zama hizo za 1938 redio ikitaka kuhifadhi sauti ilikata sahani, au ilitumia utepe wa chuma ambao ulikuwa ghali na mgumu kuuhariri. Mwaka 1944 waandishi wa vita wa BBC walikwenda Normandy na mtambo mdogo wa kukatia uliozungushwa na springi, uzito wake ratili 40 hivi. Sahani moja ya laka iliyokatwa namna hiyo haina nakala. Si kama santuri ya dukani ambayo ikivunjika kwako utaikuta kwa jirani.

Mpira kwanza

Fungua mtambo wowote wa miaka ya 1940 na jambo la kwanza utakaloliona ni mpira ulioharibika. Mota haiizungushi meza kwa meno, maana meno yangenguruma na ngurumo ingekatwa ndani ya mfuo. Huizungusha kwa mgusano wa mpira. Katika mitambo mingine mpira umevishwa ukingo wa meza yenyewe, ukaguswa na puli ya chuma ya mota. Katika mingine kuna gurudumu dogo la kati lenye mpira, limekaa baina ya puli na ukingo. Baada ya miaka 70 mpira huo ama umekuwa mgumu kama mfupa ama umeyeyuka ukawa kama halua. Mtambo ulioachwa muda mrefu huku gurudumu likiibana puli huwa na bonde mahali walipokutana, na bonde hilo litasikika kama pigo la ngoma kila mzunguko.

Hapa watu hutumia fedha pasipostahili. Gurudumu la kati halibadilishi kasi. Likiwa nene au jembamba kidogo, kasi ya meza itabaki ile ile, kwa sababu kila kinachoingia kutoka kwenye puli ndicho kinachotoka kwenye ukingo. Kwa hiyo hakuna haja ya kusaka gurudumu la asili lililolala ndani ya boksi tangu 1948. Hilo nalo mpira wake umekufa ndani ya boksi. Chukua kiini cha chuma cha gurudumu la zamani, kipeleke kwa watu wanaovisha mpira rola za matbaa na viwanda, na sema unataka mpira usiokuwa mgumu, uliosuguliwa duara kamili baada ya kuvishwa. Karakana za namna hiyo zipo katika kila mji wenye viwanda. Duara kamili ndilo la kusisitiza, maana gurudumu lisilo duara hulia kila linapozunguka. Lakini ikiwa mpira umevishwa meza yenyewe, mambo yanageuka: hapo unene wa mpira ni sehemu ya hesabu ya kasi, na fundi lazima apewe kipimo cha asili.

Mafuta yanafuata. Grisi ya zamani huganda ikawa gundi, na mota nzuri hudhaniwa imeungua kumbe imekwama tu. Isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, itiwe mafuta mepesi ya mashine. Nimewaona watu wazima na akili zao wakitia mafuta ya nazi, kama walivyoona yakitiwa kwenye cherehani nyumbani. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na London nyuzi hizo ni za kiangazi.

Umeme wa nchi mbili

Mtambo wa Presto uliotengenezwa kwa ajili ya Marekani unataka volti 110 na umeme wa mapigo 60 kwa sekunde. Uingereza, Omani na Afrika ya Mashariki yote hutumia mapigo 50. Mtu hununua transfoma ya kushusha volti, mtambo ukazunguka, akafurahi. Transfoma hushusha volti tu. Mapigo yanabaki 50. Mota ya aina hii hufuata mapigo, si volti, kwa hiyo itazunguka kwa sudusi moja pungufu: badala ya mizunguko 78 kwa dakika, meza itazunguka 65, badala ya 33 na thuluthi, itazunguka chini ya 28.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kifaa cha umeme kinachotengeneza mapigo 60 mapya, nacho kinauzwa kwa ajili ya mashine za viwandani. Ya pili ni ya mkerezaji: puli ya mota inenepeshwe kwa kiasi cha sita juu ya tano. Puli ya kipenyo cha milimita 10 inakuwa milimita 12, na kasi inarudi pahala pake. Mkerezaji yeyote wa chuma anaweza kuitengeneza puli kama hiyo, na kazi yenyewe ni ndogo. Mimi napendelea dawa hii ya pili, kwa sharti kwamba puli ya asili isikerezwe wala isivishwe kitu, bali ifunguliwe, ifungwe karatasini na kuwekwa, ili mtambo uweze kurudi ulivyokuwa.

Na jambo hili si la mitambo ya leo tu. Mtambo wa mapigo 60 uliposafirishwa zamani ukatumika kwenye umeme wa mapigo 50 bila ya kurekebishwa, ulikata kwa kasi ya 65. Sahani hiyo ikipigwa leo kwa kasi ya 78 itakwenda mbio zaidi ya ilivyoimbwa, na sauti itapanda nusu-toni tatu na ushei. Mzee atasikika kijana, udi utasikika kama ala ya mtoto, na maqamu ya rast itakuwa imehama pahala pake. Nimesoma maelezo ya wataalamu juu ya wembamba wa sauti za waimbaji fulani, nikajiuliza kama kuna aliyeikagua kasi kwanza. Kuna njia ya kuikagua. Vikuza sauti vya zamani vilikuwa vikivuma, na mvumo wa umeme mara nyingi ulikatwa pamoja na wimbo. Sahani iliyokatwa katika nchi ya mapigo 50 lazima mvumo wake usome 50. Ukiipiga kwa 78 na mvumo ukasoma 60, basi ilikatwa kwa 65. Hesabu hii haifai kitu bila ya kujua sahani ilikatwa wapi, kwani ya New York mvumo wake wa haki ni 60. Kwa hiyo lebo, bahasha, hata mwandiko wa penseli juu ya bahasha, visitupwe.

Kichwa na yakuti

Kichwa cha kukatia ndicho kiungo ghali kuliko vyote, na ndicho kinachoharibika kwa siri. Ndani ya kichwa cha zamani cha mono kuna kipande chembamba cha chuma kilichosimama baina ya ncha za sumaku, kimezungukwa na koili, na kimeshikiliwa na vipande vidogo vya mpira au kitu laini kinachozuia kisitikisike kupita kiasi. Vipande hivyo vikikakamaa, kichwa kinakata bado, lakini sauti inakuwa kali mahali fulani na kufifia mahali pengine. Mtu asiyejua atalaumu kikuza sauti, abadilishe vali zote, na kasoro ibaki.

Kazi ya kubadilisha vipande hivyo inataka fundi mwenye mkono wa fundi wa saa na hadubini mezani. Koili iliyokatika inaweza kusukwa upya. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele, lakini waya huo unauzwa, na wasukaji wa koili ndogo wapo. Kilicho adimu ni subira. Kabla ya kukifungua kichwa, kipimwe ukinzani wa koili na namba iandikwe, kipigwe picha kila upande, na kila skrubu iwekwe mahali pake kwa mpango. Vichwa vya stirio ni jambo jingine. Vina koili mbili zinazofanya kazi kwa pembe ya nyuzi 45 kila upande, na kile cha Neumann kiitwacho SX-74 hupuliziwa gesi ya heliamu ili koili zisiungue zinapofanya kazi kwa nguvu. Kichwa kama hicho kikiungua hakitengenezwi na fundi wa mtaani hata awe hodari vipi. Kipelekwe kwa wale wachache wa Ulaya na Marekani wanaojulikana kwa kazi hiyo, na mwenye kukipeleka ajitayarishe kungoja.

Sindano ya kukatia haifanani na sindano ya kupigia. Ya kupigia ni butu na laini ili isikwangue. Ya kukatia ina makali kama patasi. Zamani ilikuwa ya chuma cha pua kwa kazi za nyumbani, na ya yakuti kwa kazi za studio. Tangu mwisho wa miaka ya 1940 iligunduliwa kwamba ikizungushiwa waya mwembamba na kutiwa moto kidogo, inapita ndani ya laka kama kisu cha moto ndani ya siagi, na mfuo unatoka kimya zaidi. Umri wa yakuti kazini huhesabiwa kwa saa. Anayenunua aangalie shina la sindano kabla ya kuangalia bei, kwa kuwa mashina ya Presto na ya Neumann hayaingiliani, na muuzaji wa mbali hatakuuliza mtambo wako ni upi.

Unyuzi unaotoka kwenye mfuo nao una hatari yake. Laka hii ni ya nitroselulosi, ndugu wa baruti, na unyuzi wake hushika moto kwa cheche moja. Mitambo mikubwa huufyonza kwa bomba mpaka ndani ya chupa. Ya midogo huufagia kwa brashi, na wengine walikata kutoka katikati kwenda nje ili unyuzi ukusanyike kati na usijisokote kwenye sindano. Ndoo ya bati yenye maji na kifuniko iwe chumbani daima, na sigara isiingie. Katika chumba cha makumbusho sharti hili ni la kuandikwa ukutani.

Laka inatoka wapi

Tarehe 6 Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters, katika mji wa Banning, California, kiliteketea. Wafanyakazi walisalimika wote, Alhamdulillahi, lakini kiwanda hakikusalia. Apollo ilikuwa ikitengeneza sahani za laka za kukatia na sindano za kukatia pia, na duniani kote alikuwepo mwenzake mmoja tu mkubwa: MDC ya Miyota, Japani. Asubuhi moja nusu ya kamba ikakatika. Studio zenye mitambo ya thamani kubwa zilijikuta zinahesabu sahani zilizobaki kabatini.

Ndiyo maana nasema laka iulizwe kabla ya chuma. Sahani ya laka ni bamba la alumini lililopakwa nitroselulosi iliyolainishwa kwa mafuta, aghlabu ya mbarika. Haihifadhiki kama sahani ya kula. Ikikaa miaka hukauka, na ikikatwa hutoa mvumo wa kukwaruza. Sahani tupu za 1950 zinazouzwa kwenye masanduku yake mazuri ni za kuonyesha tu. Hata zilizokwisha kuandikwa huzeeka: mafuta hutoka juu yakawa unga mweupe unaofanana na ukungu, laka ikasinyaa, alumini isisinyae, na mwisho laka ikapasuka na kubanduka pamoja na sauti. Mwenye sahani za namna hiyo asingoje mtambo wa kukatia utengenezwe. Azipeleke zikanakiliwe sasa, na asizifute unga ule kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha laka.

Mwenye mtambo mdogo anayo njia nyingine, nayo ni kuandika juu ya plastiki ngumu kwa sindano ya almasi. Almasi hapo haikati, inakandamiza. Mfuo hauwi mzuri kama wa laka, lakini unadumu. Na si mpya. Milman Parry wa Harvard, alipokwenda Yugoslavia kati ya 1933 na 1935 kurekodi washairi wasimulizi, wakiwemo Waislamu kama Avdo Međedović, alitumia mtambo ulioandika kwa kukandamiza alumini tupu. Alitengenezewa wenye meza mbili na swichi, moja ikijaa inaendelea nyingine, na hivyo shairi la saa nyingi halikukatwa na dakika tatu na nusu. Rekodi zake za alumini, zaidi ya 3,500, zipo Harvard. Natamani mtu kama huyo angefika Pate au Siyu miaka ile, tenzi zikisomwa na watu waliozihifadhi kwa moyo.

Chuma, na namna ya kutafuta

Chuma nitakipita haraka kwa kuwa ni chepesi. Nati ya nusu duara inayoishika parafujo hutengenezwa kwa kitu laini makusudi, ili ilike yenyewe na parafujo isalimike. Ikilika, kichwa kinaruka na mifuo inaingiliana. Nati hiyo hukerezwa upya kwa shaba nyeupe. Mkerezaji wa leo, ambaye kerezo lake ni la milimita, atasema hawezi meno ya inchi. Anaweza, akifunga gia ya meno 127, kwa sababu inchi ni milimita 25.4 kamili na mara tano yake ni 127. Kikuza sauti pia kisitishe: kapasita zilizokauka zinapatikana mpya, na vali za 6L6 zinatengenezwa hadi leo. Kinachotakiwa ni fundi anayejua kwamba ndani yake mna volti mia kadhaa zinazobaki hata umeme ukizimwa.

Kutafuta kuanzie kwenye kitabu cha mtambo. Vitabu vya Presto na Neumann vimehifadhiwa na nakala zinapatikana. Ndani yake kila kipuri kina namba, na namba ndiyo inayomfanya muuzaji wa Ohio au Berlin akuelewe. Baada ya hapo tafuta mtambo wa pili uliokufa. Mtambo usiokata tena, ununuliwe kwa ajili ya nati, springi, vifuniko na mashina, ni rahisi kuliko vipuri vile vile kimoja kimoja. Kwa Neumann iangaliwe mota kabla ya kitu chochote: ya VMS-70 ilitoka Lyrec ya Denmark, ya VMS-80 ilitoka Technics ya Japani, na fundi wa moja si lazima awe fundi wa nyingine. Na watafutwe watu. Waliokuwa wakikata santuri kazini sasa ni wazee, wengine umri wangu, wengine wamenitangulia. Kikombe kimoja cha chai kwa mzee kama huyo kimewahi kutupatia kichupa cha vipande vya mpira vya kichwa ambavyo visingepatikana kwa fedha.

Usafirishaji usipuuzwe. Mtambo mmoja uliletwa kwetu na wasafirishaji ambao hawakuiondoa meza juu ya mhimili wake. Kilo kadhaa za chuma ziliruka njia nzima juu ya ncha ya mhimili, ukapinda. Meza isafiri peke yake, kichwa kifunguliwe na kubebwa mkononi, parafujo ifungwe isicheze.

Mtambo ukisimama, jaribio lake la kwanza lisiwe wimbo. Kasi ipimwe kwa karatasi yenye mistari chini ya taa ya umeme inayopepesa: kwa mapigo 50, karatasi ya mistari 77 ikionekana imesimama, kasi ni 77.92, na hiyo ndiyo 78 ya Uingereza. Ya Marekani ina mistari 92 na hutoa 78.26 kwenye mapigo 60. Kisha ikatwe sauti moja nyembamba ya mfululizo, halafu nyingine juu yake, na nyingine, kwa nguvu ile ile. Sahani iinuliwe chini ya taa iliyo mbali. Mwanga utaakisiwa katika mikanda, na upana wa kila mkanda ndio kipimo cha jinsi sindano ilivyokwenda, kama walivyoonyesha Wajerumani Buchmann na Meyer mwaka 1930. Mkanda unaovimba au kukonda kuliko wenzake unaonyesha kichwa kinapokosea, bila ya chombo chochote isipokuwa jicho. Sahani hiyo iandikwe tarehe, jina la fundi, aina ya sindano, kipenyo cha puli na namba ya kila kipuri kilichobadilishwa, na iwekwe katika sanduku moja na vipuri vya zamani vilivyotolewa, hata ule mpira ulioyeyuka.